Mtani Akicheka Msibani, Usikimbilie Kumhukumu

 

Leo tuongee kuhusu tabia yetu ya kusoma mioyo ya watu. Mtu hajakusalimia, tayari "anaringa". Kakaa kimya kikaoni, "ana lake jambo". Kakunyima lifti, basi "ana roho ya korosho". Hatuulizi. Tunaangalia uso, tunatoa hukumu. Na uso wenyewe kila mtu anausoma alivyofundishwa kwao, akidhani dunia nzima imefundishwa hivyo hivyo.

Nina wifi yangu, jina namhifadhi maana wengine mmeshamwona jukwaani. Ni mwimbaji, kazaliwa na kukulia Nairobi, akaolewa na kaka yangu wakaja kuishi hapa Dodoma. Baba alipofariki tukaenda kuzika kijijini, wilaya ya Chamwino. Ulikuwa msiba wake wa kwanza upande wetu.

Asubuhi ya mazishi akatokea mzee mmoja wa Kihehe, mtani wa baba wa miaka mingi. Jamani! Kavaa koti la marehemu, kashika fimbo ya marehemu, anachechemea vilevile baba alivyokuwa anachechemea. Anapita kwa waombolezaji anasema, "Bahili huyu kaondoka na elfu kumi yangu, leo hazikwi mtu hapa!" Wakati wa kuzika akaingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipwe. Watu wakachangishana huku wanacheka na machozi yanawatoka. Mama naye akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu baba akate roho.

Wifi hakuweza kuvumilia. Tuliporudi nyumbani akaingia chumbani, akajifungia. Usiku akamwambia kaka, "Mmemdhalilisha baba yenu, na mama yenu anacheka. Ninyi hamna uchungu." Huku jikoni nako shangazi zangu walikuwa wanamsoma yeye: "Mkwe gani huyu? Hakai mkekani na wenzake, hatoi hata sauti. Hakumpenda mkwewe." Kumbe mwenzao alikuwa analia huko ndani, mto mdomoni. Kwao alilelewa kwamba mbele ya watu unajikaza, unalia ukiwa peke yako.

Akaondoka kurudi Nairobi hata matanga hayajaisha. Kaka akipiga simu, haipokelewi. Miezi miwili ikakatika, ndoa inaondoka hivihivi, na ukiuliza nani kamkosea nani, hupati jibu.

Aliyeuvunja ukimya ni mama. Alimpigia mwenyewe, na mimi nilikuwa pembeni nimemshikia simu. Akamwambia, "Mwanangu, yule mzee asingekuja kunichekesha, hapo ndio ningejua ametutupa. Kulia walilia wote. Kunifanya nicheke siku ile, nani angethubutu zaidi ya mtani?" Halafu akamuuliza, "Na wewe, kwa nini ulijifungia?" Wifi akaeleza. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unanisitiri." Upande wa pili nikasikia mtu analia, safari hii kwa sauti.

Kwa wasiojua, Wahehe na Wagogo walipigana sana karne ya 19. Utani ni namna wazee walivyougeuza uadui ule kuwa undugu: mtani anaruhusiwa kukutukana na wewe huruhusiwi kukasirika, ila ukifiwa hakosi. Kwa hiyo tusi lile lile likitoka kwa jirani ni dharau, likitoka kwa mtani maana yake ni "nipo".

Na sio mara ya kwanza watu kusomana vibaya kwenye nchi hii kame. Zamani misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapita Ugogo, na watemi wakitoza hongo. Wazungu kama Stanley, aliyepita mwaka 1871, waliandika wakilalamika, wakaona tamaa tupu. Lakini huku mvua ni ya msimu mmoja, kiangazi unachimba mchanga wa mto mkavu ndio upate maji. Mgeni anaona maji ya Mungu, mwenyeji anaona jasho lake.

Wataalamu nao wameligusa hili. Mwaka 2008 Takahiko Masuda na wenzake walichapisha majaribio ambapo watu walioneshwa mchoro wa mtu kazungukwa na wenzake, wakaulizwa huyu wa katikati anajisikiaje. Watu wa Magharibi walijibu kwa kuutazama uso wake tu. Wajapani walitazama na nyuso za waliomzunguka, na jibu lao likabadilika kufuatana nazo. Nikikumbuka siku ile kaburini, wifi aliutazama uso wa mtani. Sisi tulikuwa tunautazama uso wa mama.

Nayasema haya kwa sababu tangu Julai 2016, Magufuli alipotangaza serikali inahamia hapa, mji umejaa watu wa kila pembe. Mgeni anasema, "Wagogo wazito, hawasemi wanachotaka." Mwenyeji anasema, "Watu wa Dar hata salamu hawamalizi, wana dharau." Wa kwanza anaita uzito kile ambacho mwenzake anaita heshima. Wa pili anaita dharau kile ambacho ni haraka tu ya mjini. Maofisini na kwenye nyumba za kupanga watu wananuniana mwaka mzima kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza.

Wifi alirudi. Mwaka jana yule mzee wa Kihehe akafiwa na mkewe, tukaenda. Tunafika, majembe ya kuchimbia kaburi hayaonekani. Wifi kayakalia, kafunika na kanga, anadai soda ya baridi ndio ayatoe. Mzee akamtazama, akaangua kicheko huku anafuta machozi.

Muwe na wiki njema, wapendwa. Na yule uliyemnunia, muulize kwanza.