Kusikiliza ni Amana



Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, hapa ugenini wengi wetu huficha majonzi, wakichelea siri ya nyumba isifike msikitini kabla ya Ijumaa.

Katika mji huu wa London, mwaka 1953, kasisi Chad Varah alianzisha Samaritans. Waliojitolea kuwapa chai wageni waliongoja zamu waliwasikiliza, na wengi wakatulia kabla ya kumfikia kasisi. Mwaka 2001 ikaanzishwa Muslim Youth Helpline, ambako vijana hufunzwa kuwasikiliza wenzao bila ya kuwahukumu.

Mama yangu alipofariki Mombasa, nami sikuweza kuwahi maziko, wengi walinihimiza nisubiri. Mmoja tu aliniuliza, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" kisha akanyamaza anisikilize. Huyo ndiye aliyenipunguzia mzigo.

Naona basi kila jumuiya yetu ichague wake kwa waume wachache, wafunzwe kuuliza kwa upole, kustahimili kimya, na kutambua lini mtu apelekwe kwa daktari. Zaidi ya yote wafunzwe kutunza siri, kwani amana ikivunjwa mara moja, wenye dhiki hawarejei tena.

Wabillahi tawfiq.