Kinga yangu imeota mkia tena

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya muhindi. Nataka kuwaeleza habari ya kinga yangu, maana wengi mmeona imebadilika mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Hata watoto wa sokoni wananiuliza: "Papa Radio, mbona kinga yako ilikatwa mkia, halafu ikaota mwingine?"

Niliinunua ikiwa kinga ya kawaida, Phoenix nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, kama zile zinazobeba makala na mihogo kila siku. Ni kinga ya nguvu, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mchanga wetu. Mnaopita njia ya Kapanga au ya Kasaji mnajua. Kiangazi mchanga unameza tairi, na masika mashimo yanajaa maji, hujui kina chake mpaka umeanguka. Kazi yangu ni kwenda kijiji hadi kijiji na kinasa sauti mgongoni, peke yangu. Nilitaka kinga inayofuata mwendo wangu mimi: nyepesi, isiyokwama, inayoweza kupanda ule mlima wa kutoka mto Lulua bila mimi kushuka.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Hakuanza na pesa wala rangi. Aliuliza: "Mwandishi, unakwama wapi?" Nikamjibu: mchangani na mlimani. Tukaanzia hapo.

Mbele kulikuwa na meno 44, nyuma meno 18. Yaani ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kinga inasogea zaidi ya mita 5. Kwenye lami ya Kolwezi hiyo ni raha, lakini mchangani miguu inakufa. Tukaweka nyuma meno 22. Sasa pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili tu, mita 4 na kidogo. Mbio zimepungua, nguvu imeongezeka. Mnyororo ulikuwa mfupi, fundi akauongeza kipande.

Kiti tulikipandisha mpaka kisigino kikagusa pedali ya chini mguu ukiwa umenyooka. Usukani akaufanya mpana, ili mchanga ukivuta gurudumu la mbele niweze kulishika. Tairi pana hazikuingia, kwa hiyo nilijifunza kupunguza upepo kidogo kabla ya mchanga, na kupampu tena njia ikiwa ngumu.

Mwisho nikamwambia akate porbagaji, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Kilikuwa kizito, na mimi sibebi makala. Fundi akanitazama. "Una hakika?" Nikasema nina hakika.

Kwa wiki kadhaa nilijiona mfalme wa njia. Nilipanda mlima wa Lulua nikiwa juu ya kiti, na waliokuwa wakisukuma magunia wakinipisha.

Halafu siku moja ya mwezi wa pili nilikuwa kwenye kijiji ambako zinaishi familia zilizotoka Kasai wakati wa vita vya 2016 na 2017. Nilimaliza kurekodi, nikafunga mfuko. Mama mmoja akanijia amebeba mtoto wa kiume wa kama miaka sita. Homa ilikuwa ya siku ya tatu, shingo haikai. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa kilometa 9.

"Baba, kinga yako inapita kituoni?"

"Inapita, mama."

Akazunguka nyuma ili ampandishe mtoto. Akasimama. Hakukuwa na pa kumweka.

Tulijaribu kumkalisha kwenye chuma cha katikati, lakini hakuwa na nguvu ya kujishika. Mwishowe tulimweka kwenye kiti, mama akamshika kiuno, mimi nikasukuma. Kilometa 9 za mchanga kwa miguu. Kinga yangu nyepesi, yenye meno 22, haikunisaidia hata mita moja.

Njiani mama hakulalamika. Alinieleza tu jinsi walivyokimbia: mume wake alimpandisha mama yake mzazi kwenye porbagaji, sufuria zikafungwa pembeni, wakatembea siku nne. "Bila ile kinga tungemwacha nyanya," alisema. Sikuwa na la kumjibu. Nilitazama chini, nikasukuma.

Tulifika giza linaingia. Walimpima mtoto, ikawa malaria, wakamtundikia seromu. Alipona. Lakini usiku ule sikulala vizuri, nilihesabu zile saa tulizopoteza mchangani.

Kesho yake nilirudi kwa fundi. Safari hii aliuliza swali la pili: "Unabeba nani?" Akachomelea porbagaji ndefu kuliko ya kwanza, yenye miguu miwili inayoshuka mpaka kwenye ekseli, juu yake ubao, na pembeni vyuma viwili vya kukanyagia.

Baadaye nilisoma kwamba kinga za mlimani zilianza Marekani, huko California, miaka ya 1970, vijana waliposhuka mlima Tamalpais na kinga nzito za zamani. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza mwili mpya wa kufaa njia zile. Mwenzao Tom Ritchey, aliyetengeneza kinga hizo kwa watu wa mchezo, alifika Rwanda mwaka 2005. Alipowaona wakulima wa kahawa, alibuni kinga ya nyuma ndefu ya kubeba magunia. Fundi mkubwa kama yule pia ilimbidi aangalie kwanza watu wanabeba nini.

Kwa hiyo, ndugu, ukitaka kujitengenezea kinga, fuata mwendo wako, ni haki yako. Pima kiti, hesabu meno, chagua usukani. Lakini kabla fundi hajawasha moto, fikiria pia yule atakayekusimamisha njiani.

Siku hizi mlima wa Lulua nashuka katikati, nasukuma kidogo. Mkiniona napita na ubao wa nyuma uko wazi, msione haya. Niiteni.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Sandoa.