Kuburutwa Kupanda Mlima: Je, Inalipa?

Nimekuwa kimya kidogo, mniwie radhi. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Segera, na huko nimetua mzigo niliokuwa nimeubeba tangu 2018. Ngoja niwape mkasa wote, maana ndani yake kuna jibu la swali ninaloulizwa na marafiki wanaokwenda kusoma Ulaya: kituo cha kuteleza kwenye theluji chenye lifti nyingi za kuburuta kinastahili nauli yako, au ni kulipia mateso?

Kwanza Segera. Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar kwenda kaskazini umeipita, labda ulikuwa umelala. Ni ile njia panda baada ya safari ndefu ya kutoka Chalinze: kulia unakwenda Muheza na Tanga, kushoto unakwenda Korogwe, Same, Moshi na Arusha. Yenyewe iko Handeni, lakini Korogwe ni jirani wa kuitana. Watu wanashuka, wananyoosha miguu, wananunua machungwa, wanaondoka. Sijawahi kusikia mtu anasema likizo hii nakwenda kutembea Segera.

Mzee wangu amekula kwa barabara hiyo maisha yake yote. Ni fundi pancha. Anaziba, anajaza upepo, na gari likifia njiani anakwenda na pikapu yake kuukuu kulivuta kwa kamba. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Scotland, ada ililipwa na wafadhili, lakini nauli ilitoka kwake. Aliuza pikipiki. Kumbukeni hiyo pikipiki, tutairudia.

Basi bwana, Februari 2018 niko Dundee, baridi inauma mpaka kwenye meno, na kwenye televisheni inaonyeshwa Olimpiki ya majira ya baridi kutoka Pyeongchang, Korea Kusini. Mara naona bendera ya Kenya! Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kuhamia Austria akiwa mtoto, anashuka mlima kwa kasi ya kutisha. Nilikuwa namfahamu Philip Boit, yule Mkenya aliyeacha riadha akaenda Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10 huku bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Lakini huyu dada alitoka Pwani yetu hii hii, ng'ambo tu ya mpaka! Nikajiambia, mwandishi wa habari gani mimi nikae mwaka mzima kwenye nchi ya theluji niishie kuitazama dirishani?

Wenzangu wawili darasani walikuwa wanakwenda Glenshee wikiendi hiyo. Nikaomba nafasi kwenye gari. Tulitoka alfajiri, tukapita Blairgowrie, tukaanza kupanda kwa barabara ya A93 mpaka kwenye upito wenye kimo cha mita 670 hivi, ambao unatajwa kuwa ndiyo barabara kuu iliyo juu kuliko zote Uingereza. Na kituo chenyewe kiko hapo hapo barabarani, lifti huku na lifti kule, gari zikipita katikati kwenda Braemar. Nikacheka peke yangu. Nimesafiri kutoka Segera kuja kuona Segera yenye theluji!

Msitegemee milima ya kutisha. Kilele cha The Cairnwell, kinachotazamana na barabara, kina mita 933. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Sasa mji wa Lushoto, pale watu wanapouza kabichi na pea, uko kwenye mita 1,400 hivi! Kwa hiyo kila Msambaa anayeamka Lushoto ameamka juu ya Uingereza nzima. Ila wao wana theluji, na wana lifti.

Lifti zenyewe sasa. Kwetu lifti ni kusimama barabarani, kunyoosha mkono, na dereva mwenye huruma akakupakia. Unakaa. Wengi tunaposikia lifti ya mlimani tunafikiria viti vinavyoning'inia, unabebwa miguu ikielea huku unapiga picha. Glenshee wakati ule ilikuwa na lifti zaidi ya 20, na za viti zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyingine zote ni za kuburuta. Waya unazunguka juu kwenye nguzo, na kwenye waya zinaning'inia fimbo. Nyingine mwishoni zina kisahani unachokipitisha katikati ya mapaja. Nyingine zina umbo la herufi T iliyopinduliwa, mnashirikiana watu wawili, kila mmoja na upande wake. Fimbo inakusukuma kwa nyuma, wewe umesimama kwenye mbao zako mbili, unateleza kupanda mlima. Miguu yako, usawa wako, shida yako.

Ni teknolojia ya wazee. Mwaka 1908, huko Schollach katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, Robert Winterhalder alifunga kamba iliyoendeshwa kwa nguvu ya kinu cha maji ili kuwavuta watu kilimani. Mwaka 1934 mhandisi Ernst Constam akafungua ya kwake Davos, Uswisi, na ndiyo iliyozaa hizi fimbo za T. Tangu hapo wazo halijabadilika sana.

Mara ya kwanza nilianguka kabla sijafika hata nguzo ya pili. Nilifanya kosa la kila mgeni: nilikaa. Fimbo haikuwekwa pale ikukalishe, ukiikalia inalegea na wewe unakwenda chini kama gunia. Mara ya pili nilipangwa na mzungu mrefu kama mnazi. Upande wake wa fimbo ulimfika chini ya makalio, wangu ukanipata mgongoni, tukaanguka wote wawili, na yeye ndiye aliyeniomba samahani. Mara ya tatu niliona mbao zangu zinaachana, moja inakwenda Korogwe moja inakwenda Tanga. Na ukianguka unatakiwa ujiburute haraka utoke njiani kabla ya wanaokuja nyuma hawajakupanda, halafu unashuka, unarudi kwenye foleni. Watoto wa miaka sita walikuwa wananipita wakiimba.

Nikakaa pembeni nikapiga hesabu. Tiketi, kukodi mbao na mabuti, somo la saa mbili asubuhi, mchango wa mafuta. Jumla ilikaribia pauni 80. Kwa wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi 240,000. Kwa bei ya pancha shilingi 2,000, ni pancha 120. Mzee ameinama mara 120 ili mimi nianguke mara tatu.

Ndipo nilipokumbuka kamba. Nikiwa darasa la sita, mzee alikuwa ananiweka kwenye usukani wa gari bovu analolivuta, kwa sababu mwenye gari mara nyingi alikuwa anaogopa na kukanyaga breki ovyo. Alikuwa ananiambia maneno yale yale kila safari: kamba isilegee, usiivute kwa ghafla, nyoosha magurudumu, na usishindane na kamba. Kazi yake ni kuvuta. Kazi yako ni kunyooka.

Nikarudi kwenye foleni. Nikapiga magoti kidogo, mbao sambamba, mwili umetulia, sikukaa, sikuvuta. Fimbo ikanipokea kwa mshtuko mdogo, nikaacha inisukume. Nguzo ya pili ikapita. Ya tatu. Ya tano. Nikafika juu nikiwa nimesimama, nikaachia, nikasogea pembeni, nikapiga kelele kwa Kiswahili na hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na Mungu wangu. Kule juu upepo ulikuwa mkali, na hapo nikaelewa kwa nini Waskoti wanang'ang'ania lifti hizi. Upepo ukizidi, viti vinavyoning'inia vinayumba, inabidi vifungwe. Anayeburutwa yuko ardhini, hana pa kuyumbia, kwa hiyo hizi huendelea kufanya kazi hata katika upepo ambao za viti zimeshasimama. Tena hazina gharama kubwa kuzijenga. Ubaya wake ni kwamba zinahitaji theluji hata kwenye njia ya kupandia, na theluji ya huko haina uhakika. Ndiyo maana wamezungushia uzio wa mbao pembeni ya njia, upepo ukipita uache theluji pale badala ya kuondoka nayo.

Siku ile nilipanda mara tisa. Nilirudi Dundee mapaja yanatetemeka na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nitue nchi ile.

Wiki mbili baadaye mzee akanipigia. Kompresa imekufa mota, anaomba kama naweza kumtumia chochote. Nikamwambia, baba, mwezi huu sina kitu. Na kweli sikuwa na kitu. Ila sikumwambia kwa nini. Alijaza upepo kwa pampu ya mkono mpaka alipopata ya kukopa, na aliyenieleza ni mdogo wangu, mzee mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Ndiyo sababu picha za Glenshee hamjawahi kuziona popote. Nilizificha kama mtu aliyeiba.

Wiki iliyopita nikaona basi, yaishe. Tulikuwa tumekaa kibandani jioni, malori yanapita. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza yote, mpaka bei, mpaka tarehe. Akaangalia muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa.

"Sasa mwanangu, wanakuvuta mpaka juu ukafanye nini?"

"Ushuke, baba."

"Halafu?"

"Wanakuvuta tena."

Akatikisa kichwa. Akasema kamba ya mlimani anayoijua yeye ni ile ya Mkumbara. Alipokuwa utingo, wazee walikuwa wanawaonyesha mahali ilipopita. Na ni kweli kabisa, wadau. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka misitu ya Shume, juu kwenye Usambara, hadi Mkumbara kwenye reli iliyotoka Tanga. Ilijengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, na kazi yake ilikuwa kushusha magogo. Kwa hiyo kwetu kamba ilifungwa mlimani kuteremsha mali iondoke, na kwao inapandisha watu wakacheze. Sikuwa nimewahi kuziweka kamba hizo mbili pamoja mpaka mzee aliposema.

Halafu nikamweleza kuhusu kuanguka, na jinsi nilivyokumbuka maneno yake ya kwenye usukani. Hapo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ulilipa pauni 80 kwenda kufundishwa kuvutwa! Mimi nilikufundisha bure."

Tukanyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama: "Pampu ya mkono haikuniua. Ungeniambia tu, ningecheka mapema." Nikakosa la kusema. Nikamwambia nisamehe baba, akaniambia nimletee ile tairi pale.

Haya, jibu la swali. Kama una siku moja tu na unachotaka ni kukaa na kupiga picha, kituo cha lifti za kuburuta hakikufai. Nenda pengine penye viti, au ukipita Dubai kununua mzigo ingia Mall of the Emirates, kuna theluji ya ndani tangu 2005 na lifti ya viti ipo. Kama unatumia ubao mmoja badala ya mbao mbili, jiandae zaidi, maana unaburutwa ubavu ubavu. Kama una watoto wadogo, uliza kwanza lifti ya wanaoanza iko wapi. Lipia mwalimu, usione aibu. Mkipanda fimbo ya T, tafuta mtu wa kimo chako. Na usikae!

Lakini kama unataka kujifunza kweli, nenda. Kwenye kiti unapumzika wakati wa kupanda, unajifunza wakati wa kushuka tu. Kwenye fimbo unajifunza pande zote mbili, na hakuna anayeweza kukubeba mpaka juu huku wewe umelegea. Mimi ningekwenda tena kesho.

Ila kabla ya kununua tiketi ningepiga simu Segera kwanza, nimwambie mzee nakwenda wapi na itagharimu kiasi gani. Hiyo pikipiki aliyoiuza ilimpa haki ya kuniambia hapana. Nikimfahamu vizuri, angesema nenda.

Ni hayo tu kwa leo. Ukipita Segera na tairi lina wasiwasi, simama. Mzee yupo, na kompresa siku hizi inafanya kazi.