Usivitupe Vichwa vya Ndagala

Rumonge, Jumatatu

Mwanangu,

Huku wazima. Mama yako kifua kimempoa, na ziwa limerudi nyuma kidogo, ukuta wa jiko bado umesimama.

Nakuandikia kwa sababu ya dereva. Karudi juzi kutoka Bujumbura, akasema mbele za watu pale sokoni kwamba ndagala nilizokutumia Buyenzi umempa jirani, kifurushi hakijafunguliwa hata uzi, eti zinanukisha nyumba. Nilinyamaza, ila usiku sikulala. Kilo tatu si kitu, ingawa nilizianika kwa mikono yangu. Lakini wewe una mimba ya miezi mitano, na nasikia unashinda na chai ya rangi na mandazi, kisha unakopa maziwa ya kopo dukani kwa kuwa ndiyo yenye kalsiamu.

Maziwa ni mazuri, sikukatazi. Kikombe kimoja kina kama miligramu 300 za kalsiamu, na mwanamke wa umri wako anahitaji kama 1,000 kila siku. Piga hesabu ya vikombe, halafu uangalie bei ya kopo. Ndagala mzima amebeba madini hayohayo, kwa kuwa kwake kama kwetu yamekaa kwenye mifupa. Ukimng'oa kichwa na kumtoa mwiba, umebakiza nyama na kutupa ulichokuwa unakitafuta. Hata samaki kama mukeke, kwa utamu wake wote, mifupa yake tunaiacha pembeni ya sahani.

Hukumjua vizuri dada yangu, shangazi yako mkubwa. Ulimkuta amekwisha kuinama. Tulipokimbia vita tukafika Mtabila, kule Kasulu, alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili bila kupumzika njiani. Akazaa watoto wanne kambini, wakifuatana. Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Maziwa hayakuwepo. Ndagala zilifika kutoka Kigoma kwa wenye pesa, naye akipata kidogo aliwapa watoto, yeye akachovya bugali kwenye mchuzi. Mtoto tumboni hasubiri mama ale. Chakula kikipungukiwa na kalsiamu, huchota kwenye mifupa ya mama, na anayenyonya vilevile. Mwili hujirudishia baadaye ukipata chakula na nafasi. Dada hakupata kimoja wala kingine.

Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012 tulirudi hapa. Hedhi yake ilikuwa imekwisha kukoma, na huo ndio wakati mifupa ya mwanamke inapopungua kwa kasi. Asubuhi moja ya mvua aliteleza kizingitini. Mwanangu, ulikuwa mwanguko mdogo, mtoto angeinuka akicheka. Nyonga ikavunjika. Hospitali tuliyompeleka ilitaka pesa kwanza, na baba yako akasema mtumbwi hauuzwi. Nimemsamehe, lakini sijasahau. Dada alilala kitandani miezi minane, nikimgeuza mimi, mpaka tukamzika.

Sisemi kwamba ndagala peke yake zingemwokoa. Nasema mifupa hujengwa ujanani, mpaka kama miaka thelathini, na wewe una ishirini na minne.

Kama ni mchanga unaokuchukiza, zangu hazigusi mchanga. Tangu mradi wa FAO ulipoleta vichanja vya waya kule Mvugo, nasi tumejifunza kuanika juu, na wachuuzi wanazijua ndagala zangu kwa kung'aa. Kama ni harufu, zioshe kwa maji ya moto, zikaange zikauke kabisa, uzitwange na vichwa vyake, uweke unga huo kwenye kopo lenye kifuniko. Vijiko viwili kwenye sombe ya mawese, hata mumeo hatajua amekula nini. Ada zako za shule zilitoka kwenye harufu hiyohiyo.

Mboga ya lengalenga kula, lakini usiitegemee kwa kalsiamu, maana ina kitu kinachoishika isiingie mwilini.

Udongo uache, hata tumbo likiutamani vipi.

Ota jua kidogo kila siku, mikono na miguu, hapo uani kwenu. Bila jua mwili haupokei vizuri kalsiamu.

Na kliniki usikose. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo waongezewe gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa sababu inapunguza hatari ya kifafa cha mimba. Waulize wakupime presha, na vidonge wakupe wao, usinunue vya barabarani. Ukipewa, usivimeze pamoja na vile vya kuongeza damu, vinazuiana. Kila aina na saa yake. Ukiumwa kichwa sana, ukaona ukungu machoni au uso ukavimba, nenda siku hiyohiyo, hata usiku.

Alhamisi mwezi utakuwa umefifia na wavuvi wataingia ziwani. Ijumaa nitaanika, Jumapili nitampa dereva yuleyule kilo mbili, mbele ya watu walewale. Zikifika nipigie simu, unieleze umezipika vipi, na vichwa umevifanya nini.

Shangazi yako