Jasho la Kinanda

Nilifika Minneapolis nikitokea Tanga, na utunzaji wa vyombo vya muziki nilioujua ulikuwa wa pwani: kufunika spika kwa kanga vumbi lisiingie, kupangusa kutu ya chumvi kwenye plagi, kutoacha miksa juani. Baridi sikuihesabu. Nani kwetu amewahi kusikia kinanda kimepigwa na baridi?

Januari ile bendi yetu ilikuwa na harusi ya Warundi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulitoka mazoezini hoi, tukaacha vyombo ndani ya gari. Asubuhi ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Nyaya zilikakamaa kama fimbo. Ukiukunjua mmoja, unarudi palepale. Tukaingiza kila kitu ukumbini mbiombio. Hita zinanguruma, jikoni masufuria yanafuka, nami nikafungua zipu ya begi ili kinanda nacho kiote moto.

Kikaanza kutoka jasho. Ukungu kwanza, kisha matone mazima, yakichuruzika katikati ya vibonyezo vyeupe. Nilikwisha kuona hivyo kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji mchana wa Tanga, ila soda haichomekwi kwenye umeme. Nikafuta kwa leso, nikawasha. Kioo kikaonyesha maandishi hafifu yanayojivuta, spika ikakwaruza mara mbili, kisha kimya.

Mpiga gitaa wetu, mzee wa Kikongo mwenye miaka mingi Minnesota, alikuwa hata hajaligusa begi lake. Lililala sakafuni, mbali na hita, zipu imefungwa.

"Mzee, hutoi gitaa?"

"Acha izoee nyumba kwanza, mutoto yangu. Ile maji unaona hapa inje, na ndani iko."

Ndipo nilipoelewa. Hewa ya ukumbi ilijaa mvuke wa masufuria na pumzi za watu. Ikigusa chuma cha baridi, unyevu wake unageuka maji. Ndani ya begi lililofungwa hewa ni kidogo, na joto linapanda taratibu. Mzee alisubiri kwa saa nne. Hata betri za maikrofoni alizitia mfukoni mwa koti, akatukataza kuzichaji kabla ubaridi haujazitoka.

Harusi ikachezwa kwa gitaa na ngoma. Kinanda tulikikausha siku tatu, kikawaka. Do ya kati haijalia mpaka leo.