Sufuria ya Mbwa

Kwa miaka 34 niliyoitumikia mifugo mkoani Kilimanjaro, swali langu la kwanza kwa mwenye mbwa mgonjwa wa tumbo lilikuwa hilo hilo: anakula nini? Na jibu nalo lilikuwa hilo hilo, kuanzia Kibosho mpaka Himo: "Anakula tu, daktari." Sikuwa daktari. Nilikuwa bwana mifugo, niliyesomea chuo cha mifugo Tengeru na kuanza kazi mwaka 1984, lakini kwetu kila anayechoma sindano huitwa daktari. Nikaona "anakula tu" haliniambii kitu. Nikaanza kuomba nioneshwe sufuria.

Sufuria ya mbwa haikosekani katika kihamba chochote, shamba letu la migomba la nyumbani, chenye mlinzi wa miguu minne. Ni ile iliyotoboka au kupoteza mfuniko, imewekwa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha mgomba. Ukiinama ukaichungulia asubuhi na mapema unaiona nyumba yote: ukoko wa ugali wa jana, vipande vya ndizi vya mtori, mifupa ya kuku, vichwa vya dagaa, na juu yake utando mweupe wa mafuta yaliyoganda kwa baridi ya mlimani. Ukiisogeza puani unasikia uchachu. Mara nyingi uchachu ule ulikwisha kunieleza sababu ya kuhara kabla sijamgusa mgonjwa.

Miaka ile mbwa hakuwa kazi yangu. Kazi ilikuwa ng'ombe wa maziwa, wale wanaofungiwa bandani na kuletewa majani kichwani kutoka tambarare. Mbwa alihesabika siku ya chanjo ya kichaa tu. Hata hivyo ni ng'ombe aliyenifundisha tumbo. Mwondoe ghafla kwenye mabua makavu umpe majani mabichi ya masika, kesho yake amevimba ubavu wa kushoto. Vijidudu vilivyomo tumboni mwake vilizoea kazi moja, nawe umevipa nyingine bila taarifa. Utumbo wa mbwa una vijidudu vyake pia, navyo vinataka taarifa. Ndiyo maana nikimbadilishia mbwa chakula huchukua wiki nzima, nikiongeza kipya na kupunguza cha zamani kidogo kidogo.

Kuna kosa moja ambalo sijalisahau. Mwaka 1989 watoto wawili wa Kiboriloni waliniletea kibwa cha miezi mitatu ndani ya kikapu, kinatapika na kuhara damu yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huikosei tena. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa duniani mwaka 1978, unaochubua kuta za utumbo wa mbwa wadogo. Nilikichoma sindano, nikawaambia watoto wasikipe chakula chochote kwa siku mbili, utumbo upumzike. Ndivyo tulivyofundishwa. Walitii sawasawa. Siku ya tatu walirudi na kikapu kimefunikwa kanga.

Siwezi kusema chakula kingekiokoa. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Onderstepoort, Afrika Kusini, walichapisha matokeo yao: mbwa wa parvo waliolishwa kwa mpira wa puani mapema, bila kungoja kutapika kuishe, walipata nafuu haraka na kuongezeka uzito kuliko wale waliosubirishwa. Sababu yake inaeleweka. Seli zinazofunika utumbo hujilisha kwa kiasi kikubwa na chakula kinachopita juu yake. Ukizinyima, ukuta unadhoofika na bakteria wanavuka kuingia kwenye damu. Nilipoisoma taarifa hiyo niliwakumbuka wale watoto. Tangu hapo mbwa mdogo anayehara, kama anaweza kumeza, nampa kidogo kila baada ya saa mbili au tatu: wali uliochemshwa ukalainika, na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, mafuta, kitunguu wala chumvi. Maji nayo ya kuongeza nguvu: lita moja iliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kwa matone. Akitapika kila anachopewa, au akitoa damu, hapo ni dripu na daktari, siyo jikoni tena.

Mgonjwa aliyenifundisha zaidi alikuwa German Shepherd wa miaka miwili, wa mzee mmoja wa Shanty Town, Moshi. Mwaka 1993 mzee alinipigia simu ofisini. "Bwana mifugo, mbwa wangu anakula kuliko mimi na bado anakwisha." Nilimkuta mbwa huyo, Simba, amebaki mbavu, ana kilo 19 wakati angepaswa kupita 30. Alikuwa amepewa dawa za minyoo mara tatu, na chupa mbili za vitamini za kuku zilizonunuliwa duka la pembejeo. Sufuria yake ilikuwa safi, chakula kizuri. Kilichonishtua kilikuwa nyuma ya banda: kinyesi kingi mno, cha rangi ya udongo mfinyanzi, kinang'aa kwa mafuta. Chakula kilikuwa kinaingia na kutoka bila kumeng'enywa.

Nilishuku kongosho. Kongosho ndilo linalomwaga vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta na nyama, na kwa mbwa wa aina ile huweza kusinyaa wakiwa bado vijana. Ni udhaifu wa ukoo. Kipimo cha damu cha kuthibitisha hakikuwepo Moshi. Nikakumbuka njia ya zamani. Filamu ya eksirei imepakwa jelatini, na kimeng'enya cha kongosho hula jelatini. Nilipata kipande kwa rafiki yangu aliyefanya kazi chumba cha picha, nikakikata vipande viwili. Nikakoroga kinyesi cha Simba kwenye maji ya magadi ya kuokea katika glasi moja, na kinyesi cha mbwa wangu mwenyewe, mzima, katika glasi nyingine. Kila glasi ikapata kipande chake, nazo nikazisimamisha ndani ya beseni la maji vuguvugu, nikiongeza ya moto kila yalipopoa. Baada ya saa moja nilisuuza. Kipande cha mbwa wangu kilikuwa angavu kama kioo, utando umeliwa wote. Cha Simba kilikuwa na utando wake kama nilivyokitumbukiza. Njia ile hudanganya, kwa hiyo nilirudia siku tatu. Majibu hayakubadilika.

Unga wa vimeng'enya ulikuwa Ulaya na Nairobi, kwa bei ambayo hata mzee yule mwenye pensheni nzuri aliguna. Lakini mimi nilikuwa mkaguzi wa nyama pia, kila siku saa kumi na moja alfajiri niko machinjioni. Niliwaomba wachinjaji wanitolee kile kipande cha rangi ya waridi iliyofifia kinachojishika karibu na mwanzo wa utumbo mwembamba, ambacho wao walikitupa. "Hicho kina nini, bwana mifugo?" wakauliza. Nikawaeleza: ndicho kile kile kilichokufa ndani ya mbwa.

Tulikikata vipande vidogo, kibichi, karibu gramu 100 kila mlo, tukakichanganya na wali na nyama isiyo na mafuta. Kibichi, kwa sababu moto unaua vimeng'enya. Baridi kali haiviui, kwa hiyo mzee alikigandisha kwenye friji kwa mafungu. Nacho kilitoka kwa ng'ombe niliyemkagua mwenyewe tu, kwa kuwa viungo vibichi visivyokaguliwa humpa mbwa tegu wanaoweza kumhamia binadamu. Nikaongeza sindano za vitamini B12, ambayo utumbo wa mbwa wa namna ile hushindwa kuifyonza. Ndani ya juma moja kinyesi kilishika umbo. Baada ya miezi miwili Simba alikuwa kilo 27 na amemrarua suruali mpita njia, jambo lililomfurahisha mzee ingawa lilimgharimu. Wachinjaji nao walianza kulipangia kongosho bei. Simba alilila kila siku ya maisha yake, akafa kwa uzee mwaka 2001.

Hapo nilielewa kirutubisho ni nini. Ni kile kinachokosekana, kikajulikana kinakosekana, kikarudishwa. Vitamini za kuku hazikuwa na kosa lolote, ila hazikuwa pengo la Simba. Leo maduka ya Moshi yamejaa makopo ya unga na vidonge vyenye picha ya mbwa anayecheka, na watu wananunua kwa upendo. Upendo ule ningependa uanzie kwenye sufuria. Kijiko cha boga lililochemshwa, linalotambaa bure kihambani, hulainisha choo kigumu na kushika choo kilegevu, kwa sababu nyuzi zake hunyonya maji. Kijiko cha maziwa mgando yasiyotiwa sukari huvumiliwa na mbwa wengi wanaoharishwa na maziwa mabichi, maana sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria. Lakini hamira mbichi na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, hapana. Vinaendelea kuchacha tumboni.

Msimu mbaya kuliko yote ni Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kote waliko, kila kihamba kinachinja mbuzi, na sufuria ya mbwa inafurika mafuta, ngozi na mifupa. Kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya sikulala. Mafuta mengi kwa mpigo huwasha kongosho: mbwa anakunja mgongo, anatapika, hataki kushikwa tumbo. Mifupa iliyopikwa husagika ikawa kama saruji. Mbwa mmoja wa Marangu nilimsafisha kwa maji vuguvugu na mpira mwembamba saa mbili nzima, akatoa vigae vyeupe kama chokaa, vyenye ncha. Kokwa la parachichi nalo likikwama kwenye utumbo, lishe haina kazi tena; ni kisu cha daktari, na haraka.

Paka ni habari nyingine, na watu hawaamini nikiwaambia. Bibi mmoja wa Majengo alikuwa na paka watatu aliowalea kwa ugali na maziwa, kwa mapenzi makubwa. Walihara kila mara, na mkubwa wao alikuwa anagonga miguu ya viti. "Amezeeka, mwanangu," bibi akasema. Hakuwa mzee, alikuwa kipofu. Paka lazima apate taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki, haimo kwenye mahindi. Akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Madhara ya kwenye moyo yaligunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1987. Wale wawili tuliwahamishia dagaa waliochemshwa na mioyo ya kuku, wakapona kuhara. Macho ya mkubwa hayakurudi.

Na kuna jambo linalonikasirisha mpaka leo: mahindi yaliyoota ukungu, yaliyokataliwa na watu, kupewa mbwa na kuku. Ukungu ule huacha sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Nimeona mbwa wenye macho ya njano na choo cheusi kama lami, ini limekwisha, na mwenye nyumba ananiuliza kama kuna vitamini. Hakuna.

Nilistaafu mwaka 2018, lakini simu bado zinalia, na vijana wenye shahada wananiuliza mambo ya zamani. Kwa wote ombi langu ni moja. Ukimpeleka mbwa au paka wako kwa daktari wa mifugo kwa sababu ya tumbo, beba na sufuria yake kama ilivyo, na masalia yake. Usiioshe.