Sakafu ya gari: kunja bati, usiongeze chuma

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu, tuongee juu ya kitu kilicho chini ya miguu yenu kila mnapopanda matatu: sakafu. Najua mtauliza, mtu wa kompyuta anatafuta nini huko? Subirini kidogo. Kuna hesabu ndani yake, na hesabu ni mali ya wote.

Hoja yangu ni moja tu. Ukitaka sakafu imara, nyepesi na isiyotetema ovyo, usikimbilie chuma kinene. Badilisha umbo.

Mjomba wangu ana Hiace ya abiria hapa Kambu. Kwa wasiopajua, Kambu ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Kwenye lami gari lake halina neno. Shida huanza likishika barabara ya vumbi kuelekea upande wa mto Athi, kufuata abiria na magunia ya ndengu. Kutu ilikuwa imekula sehemu kubwa ya sakafu, na boliti za viti viwili zilikuwa zinacheza. Hapo si suala la starehe tena. Dereva akifunga breki ghafla na kiti king'oke, mtu anaumia.

Fundi wa jua kali alipendekeza bati bapa la milimita 3. Nilimwuliza kwa nini. Akacheka: "Injinia wa kompyuta, mteja akigonga akasikia ti!, ndipo anaamini amefanyiwa kazi."

Sasa tupige hesabu. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo. Bati la milimita 1 lina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Sakafu ya kuziba ilikuwa kama mita 3 za mraba, kwa hiyo bati la milimita 1 ni kilo 24 hivi, na la milimita 3 ni kilo 71. Tofauti ni kilo 47, karibu mfuko mzima wa simenti ambao gari litaubeba kila siku, na haulipi nauli!

"Lakini litakuwa gumu," mtasema. Ni kweli. Ugumu wa bati bapa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene: ukiuzidisha unene kwa 3, ugumu unazidi mara 27. Ila uzito nao unazidi mara 3, na kasi ya mtetemo hutegemea kipeuo cha pili cha ugumu uliogawanywa kwa uzito. 27 kwa 3 ni 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Umebeba mfuko wa simenti ili mtetemo upande mara tatu tu.

Niliandika programu fupi ya Python kwa kipande cha sentimita 60 kwa 50 kilichoegemezwa kingo zote. Bati la milimita 1 linapenda kutetema mara 16 kwa sekunde. Sasa chukua barabara ya vumbi yenye mawimbi ya karibu sentimita 80 kutoka tuta hadi tuta, uende kilomita 50 kwa saa. Magurudumu yanapigwa mara 17 kwa sekunde. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: nguvu kidogo, bembea juu kabisa. Ndiyo maana sakafu huimba.

Na lile la milimita 3? Linatetema mara 49 kwa sekunde. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila inapozunguka, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 1,470 kwa dakika inapiga sakafu mara 49. Umemkimbia barabara, ukaangukia mikononi mwa injini.

Sasa tazameni juu ya paa. Bati la nyumba halifiki hata nusu milimita, na bado linambeba fundi anayepigilia misumari. Siri ni mikunjo. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya mabati ya mawimbi huko London mwaka 1829. Wajerumani wa Junkers walitengeneza ndege ya F13 mwaka 1919 kwa ngozi ya aina hiyo hiyo, na Citroën 2CV ya 1948 ilikuwa na boneti ya mawimbi.

Bati la milimita 1 likikunjwa mawimbi ya kina cha milimita 10, ugumu wake kufuata mikunjo hupanda kama mara 150, na uzito huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Kwenye programu yangu, kipande kile kile kiliruka kutoka 16 hadi karibu 110 kwa sekunde. Tatizo lipo: kukatiza mikunjo, bati ni laini kama zamani. Ndiyo sababu sakafu za viwandani zina mikunjo inayoelekea pande mbalimbali, pamoja na mihimili ya kukatiza. Wapenzi wa programu watafuteni ile ya Ole Sigmund wa Denmark, iliyochapishwa mwaka 2001. Kwa mistari 99 tu inatafuta mahali nyenzo inapohitajika na mahali inapoweza kuondolewa.

Tulichoafikiana na fundi ni hiki. Bati la milimita 1 lilikunjwa kwa mashine yake ya kawaida, mikunjo ikakatiza nafasi fupi kati ya mihimili. Juu yake akabandika mpira, kisha akarudisha plaiwudi ile ile ya zamani. Mpira ni lazima, kwa sababu mara 110 kwa sekunde nazo injini inazifikia ikikaribia mizunguko 3,300. Ugumu husogeza mtetemo. Wa kuufisha ni mpira. Boliti za viti zilishikwa kwenye mihimili kwa vipande vya chuma kinene, maana hapo ndipo mahali pake. Mikunjo ikaachiwa matundu ya kutolea maji, kutu isirudi.

Mjomba anasema nyayo hazimwashi tena. Mgongo bado unalalamika, na hilo sakafu haliwezi. Mgongo wa aliyeketi huumizwa zaidi na mitikiso ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na hiyo ni kazi ya springi, magurudumu na kiti.

Mkitaka kupima wenyewe kwa simu, angalizo: kihisi kinachosoma mara 100 kwa sekunde hakioni kitu kinachozidi mara 50. Tumieni maikrofoni. Na kabla ya kukata chochote, someni KS 372, kiwango cha KEBS cha miili ya magari ya abiria. Hesabu yangu inaonyesha bati litatetema vipi. Haimhakikishii abiria kwamba kiti chake kitabaki mahali pake. Hilo lipimwe na mkaguzi.